Siku moja na pembea zilizozama

Saa kumi alfajiri nimekula daku: mkate wa mofa, tende tatu, chai, halafu maji, maji, maji. Tuko kumi la mwisho la Ramadhani, na nikishashika grenda kwenye jua la kaskazi koo hukauka kabla ya saa tatu. Mimi ni mchomeleaji. Watu wakiniona kwenye uwanja wa pembea za watoto hudhani kazi yangu ni kupaka rangi.

Saa moja kasoro nimeshavuka daraja la Nyali, hapa Mombasa, kwa matatu, niko uwanjani. Upo upande wa Kisauni, ukingoni mwa hori. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilipomwagika, bahari ilikuwa kwenye bamvua, imejaa kupita kawaida, kwa hiyo maji ya mvua yakakosa pa kwenda. Yakakaa. Mwenye uwanja akafunga lango, na nyasi zikafunika njia. Mwaka huu ameamua kuufufua, na anataka watoto wapande siku ya Idd.

Hadi saa nne msaidizi wangu na mimi tulipiga msasa viti vya pembea la farasi, lile la kuzunguka, na kuvipaka rangi ya kuzuia kutu. Pembea hilo limepona, na najivunia. Giaboksi yake tulipoifungua mara ya kwanza, oili ilitoka nyeupe kama tui la kwanza, maana maji yalikuwa yamechanganyika nayo kabisa. Tuliisafisha, tukabadilisha beringi zote. Mota ikapelekwa kusukwa upya waya, na jana fundi wa umeme aliipima akaridhika.

Saa tano akaja msimamizi wa mwenye uwanja.

Alisimama mbele ya pembea la mashua, lile kubwa linalokwenda mbele na nyuma, akauliza mbona halijapakwa. Nikamwambia bado sijaridhika na miguu yake.

"Fundi, si chuma hicho? Kimesimama miaka yote."

Nikamgongea nyundo mguu wa kwanza, ukalia vizuri. Wa pili ukalia. Wa tatu, karibu na chini, ukatoa sauti ya kopo lililojaa mchanga. Akasema hasikii tofauti. Nikagonga tena. Akasema mafundi wote wana maneno haya wakitaka kuongezewa pesa. Nilikuwa nimefunga, ulimi umenata mdomoni, na neno hilo liliniuma sana, kwa sababu nimemaliza miaka kumi na tisa katika kazi hii bila kudai senti ya kazi nisiyoifanya.

Sikujibu. Nilichukua drili nikatoboa mguu ule, kidole kimoja juu ya zege. Yakatoka maji. Meusi, yana harufu ya matope ya mikoko, yakachuruzika hadi kwenye kiatu chake. Maji ya chumvi yakishaingia ndani ya bomba hayana njia ya kutoka. Hukaa humo yakila chuma kwa ndani, huku nje rangi inang'aa.

"Tuzibe hicho kitundu, tupake," akasema. "Baada ya sikukuu tutaona."

"Bwana, hili hubeba watoto kumi na sita kwa mara moja. Mimi sipaki."

Akapiga simu. Akapiga nyingine. Akazunguka lile pembea, akarudi kuniuliza swali lile lile kwa maneno mengine, nami nikamjibu jibu lile lile. Adhuhuri ikaadhiniwa tungali tunasimama juani. Akaondoka bila kuaga.

Baada ya kuswali nililala kidogo chini ya mkungu. Kuna uwanja wa pembea kama huu New Orleans, Marekani, ambao hunijia akilini kila nikiwa hapa. Ulizama katika mafuriko ya kimbunga Katrina, Agosti 2005, maji yakakaa wiki nyingi, na haukufunguliwa tena. Mipango ikaja ikapita, hadi 2024 ndipo wakaanza kuubomoa. Katika vyombo vyake vikubwa, treni moja ya kuchezea, ile inayopinduka na watu relini, ilinusurika kwa kuwa jukwaa lake la kupandia lilikuwa juu. Ikafunguliwa vipande, ikapelekwa Texas, ikaanza kubeba watu tena 2008. Kwa ajili hiyo mota ya farasi nimeiinua juu ya kitako cha zege, futi tatu kutoka chini. Msimamizi aliuliza zege hilo lote la nini.

Alasiri sikumbuki saa. Nilikata mguu ule wa mashua kwa grenda, nikaupiga picha kwa ndani: ukuta wa bomba umebaki mwembamba kama ganda la yai. Mikono ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo kazi iliyobaki nikaiacha hadi kesho. Picha nikaituma kwa mwenye uwanja mwenyewe.

Wakati wa kufunga lango, watoto walikuwa wamening'inia kwenye uzio.

"Ami, Idd mwafungua?"

"Farasi, inshallah. Mashua bado."

Wakaanza kugombania farasi mweupe, ambaye rangi yake haijakauka.

Nilifuturu kwa maji ya chupa na sambusa moja ndani ya matatu. Jibu lilinifikia nikitoka tarawehe: "Kata yote minne. Niambie mabomba mapya ni bei gani."