"Ndiyo, mjomba"

Wiki hii Baba Watoto ameapa uraia, mdogo wangu wa Louisville amejifungua salama (mapacha, kama tulivyobashiri), na mimi nimerudishwa zamu ya usiku. Mengine nitayaandika nikipata nafasi. Kilichonikaa kooni ni maneno mawili aliyoyasema kitindamimba wangu Jumapili, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai.

Kaka Mkubwa alipiga video kutoka Tanga. Mnamjua, hana salamu fupi. Akamaliza habari za kila mtu, akamgeukia kijana: "Mjomba, nasikia unacheza ule mpira wa kofia. Umefunga mangapi?"

"Sifungi, mjomba. Mimi natangulia mbele ya anayebeba mpira, namwondolea watu njiani."

"Halafu yeye ndiye anafunga?"

"Yeye ndiye anafunga."

"Ahaa! Kumbe wewe ni utingo!" Akacheka mpaka akakohoa.

Na mwanangu, mdomo umejaa chapati: "Ndiyo, mjomba."

Basi. Akanipa simu, akaenda kufunga kamba za viatu.

Wasomaji wa zamani mnakumbuka kwamba marehemu baba alikuwa utingo wa lori la mkonge. Kaka Mkubwa mwenyewe ni dereva wa basi, na ada ya shule yake ilitoka kwa mtu aliyekuwa akilala juu ya mzigo na kuruka chini na gogo la kuweka nyuma ya tairi lori likishindwa mlima. Sasa yeye, kati ya watu wote, atumie neno lile kwa kucheka! Nilimwaga maji ya vyombo nikiwa na hasira. Nilipofika kazini hasira ikahama, ikaniachia swali jingine: kijana aliitikiaje? Aliumia akaficha? Alikubali kwa adabu tu, kama tulivyomfundisha? Maana sauti haikushuka wala haikupanda. Nimeirudia kichwani huku napanga mikasi na koleo za upasuaji kwenye trei: ndiyo, mjomba. Ndiyo mjomba. Kila nikiirudia inatoka na maana nyingine.

Kwa wageni: kocha wake amemweka fulubeki. Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayegawa mpira na mkimbiaji ndiye anayeubeba. Fulubeki huanza hatua chache nyuma ya ukuta wa wale wanene wa mbele, na mpira ukishatoka yeye hupenya kwanza kwenye upenyo na kumvaa yule beki anayekuja kasi kutoka upande wa pili. Akimgonga sawasawa, mkimbiaji anapita nyuma yake. Akimkosa, mkimbiaji anazikwa palepale na lawama inajulikana inaenda kwa nani.

Kocha amewapa kazi ya kutazama video za Lorenzo Neal, fulubeki wa zamani wa NFL, ligi kuu ya mchezo huu. Mimi nilidhani ni mchezaji wa juzi, kumbe kazaliwa 1970 huko Hanford, California, akasoma Fresno State, ambako alikuwa pia mwanamieleka. Kijana anasema mieleka ndiyo siri yake, kwa sababu ilimfundisha kuingia chini ya mtu. Aliye chini ndiye anayemnyanyua mwenzake. Tangu alipoyajua hayo, ukuta wa ukumbini hauna raha. Ameusimamishia godoro la wageni, anachuchumaa mpaka paja linalala sambamba na sakafu, halafu puu! Jirani wa chini keshagonga dari kwa fimbo.

Neal alianza na New Orleans Saints mwaka 1993 na akamaliza na Baltimore Ravens msimu wa 2008. Misimu 16, kwa kazi ya kuvaana na watu. Na hii ndiyo iliyonikalisha chini: kuanzia 1997 mpaka 2007, mfululizo, misimu 11, kila timu aliyochezea ilikuwa na mkimbiaji aliyevuka yadi 1,000 za kukimbia na mpira katika msimu. Jets, Adrian Murrell. Tampa Bay, Warrick Dunn. Akaja hapa kwetu Tennessee, Eddie George mara mbili. Akaenda Cincinnati, Corey Dillon mara mbili. Kisha San Diego kwa LaDainian Tomlinson, mitano mfululizo. Majina yanabadilika, jezi zinabadilika, bega la mbele ni lilelile. Yadi zake mwenyewe za kukimbia, ukizijumlisha maisha yake yote ya uchezaji, hazifiki 1,000.

Mwaka 2006 Tomlinson alifunga tachidauni 31 (yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja), rekodi ya msimu mmoja, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2017 aliingizwa kwenye jumba la heshima kule Canton. Neal bado hayumo. Nilipoyasoma haya saa nane za usiku kwenye chumba cha mapumziko, nikamwona Kaka Mkubwa anacheka upya.

Ila Alhamisi niliporudi, kijana alikuwa ameamka mapema, anachemsha maji kwenye sufuria yangu ya maziwa (ya maziwa!) ili alainishe kile kikinga-meno chake, plastiki ya kuvaa mdomoni wakati wa mchezo. Akakitumbukiza, akakitoa kwa uma, akakiuma kikiwa bado cha moto, macho yanamtoka. Sikuwa na nguvu za kugomba. Akiwa na ile plastiki mdomoni akaniashiria nikae, akafungua simu.

Ilikuwa ile mechi ambayo ukikaa Nashville lazima utasimuliwa. Tarehe 8 Januari 2000, Titans, timu yetu ya hapa, na Buffalo Bills. Bills ndio kwanza wameanza kuongoza 16 kwa 15, zimebaki sekunde 16, wanapiga mpira wa kuanzisha upya. Wenzangu kazini, wale wenyeji, wote wanakwambia walikuwa wamekaa wapi siku ile na nani alizima redio kwa uchungu mapema akajuta. Na wote hutaja majina mawili: Frank Wycheck aliyeutupa mpira kuvuka uwanja, na Kevin Dyson aliyeudaka na kukimbia yadi 75 mpaka mwisho. 22 kwa 16.

"Hapo, mama. Simamisha hapo."

Mpira ulikuwa umepigwa mfupi, na aliyeudaka wa kwanza ni namba 41. Neal. Akapiga hatua chache, akamkabidhi Wycheck, basi, akatoka kwenye hadithi. Kijana akairudisha nyuma. Tena. Namba 41 anadaka, anakabidhi. Tukawa tunacheka kama wehu saa moja asubuhi, yeye na plastiki yake mdomoni, mimi na viatu vya kazi mguuni, tukimshangilia mtu kwa kukabidhi tu.

Nikamwuliza, nikijifanya nafuta meza: "Mjomba wako alikuudhi Jumapili?"

Akatoa ile plastiki. "Kwa nini?"

"Kukuita utingo."

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kama jina lake linamuudhi. "Si ndivyo nilivyo? Babu si alikuwa hivyo?" Akarudisha plastiki, akaanza kutafuta soksi.

Sasa niambieni, hasira nimpelekee nani? Nimebaki nayo mkononi. Hata ile "ndiyo, mjomba" nimejaribu kuirudia tena ikawa haina kitu ndani, ni jibu la mtoto aliyeulizwa swali rahisi.

Ujinga wa mama ni kwamba furaha haikai peke yake. Nilipokuwa nalala nikaanza kuihesabu shingo. Maana kazi hii ni kichwa na shingo, kila mchezo, kwa hiari yako, na zile pedi za mabega hazifiki shingoni. Na hata soko lake ni dogo, siku hizi timu nyingi za NFL hazina fulubeki kabisa. Yule anayesifiwa zaidi, Kyle Juszczyk wa San Francisco, ni mhitimu wa Harvard, na bado mkewe, yule aliyemshonea Taylor Swift koti la Januari 2024, anajulikana kumzidi. Nimemwambia kijana kuhusu Harvard mara kadhaa. Anasikia anachotaka.

Halafu kuna bahasha ya mwenye nyumba juu ya friji. Ya mwaka jana ilikuja majira haya haya na ilikuwa nyongeza. Baba Watoto anasema tuifungue pamoja, wikiendi, lakini wikiendi mimi nina zamu, na mkataba unaisha mwisho wa mwezi.