Siku moja na msafishaji wa makochi ya ngozi (doa lenyewe halina shida, shida ni mlichopaka kabla sijafika)

Watu wakisikia kazi yangu ni kutoa madoa kwenye makochi ya ngozi wanadhani nabeba ndoo na dekio. Nina shemeji yangu kila tukikutana lazima aulize "vipi, bado unafuta futa viti?" Ndio shemeji, bado nafuta. Nimeandika siku yangu ya jana hapa ili siku nyingine akiuliza nimtumie linki.

Saa 12 asubuhi. Napanga begi. Sponji, brashi laini, pamba za masikio nyingi tu, spiriti, poda, sabuni ya ngozi, losheni ya ngozi, vichupa vya rangi, na vitambaa vya pamba vyeupe. Vyeupe makusudi, maana cha rangi kinaweza kuachia rangi yake kwenye kochi, halafu kwenye cheupe ndo unaona kama unachotoa ni uchafu au umeshaanza kubandua rangi ya kochi lenyewe.

Saa 2 niko kwa mteja wa kwanza. Huyu ni mteja wa kuombea dua. Mafuta yalimwagika kwenye mkono wa kochi juzi jioni, akafyonza kwa kitambaa kikavu bila kusugua, akanipigia, basi. Jana yake nilishapita nikaangalia ngozi ni ya aina gani: unadondosha tone la maji sehemu iliyojificha, likibaki juu limeduara ujue ngozi imepakwa koti la rangi juu yake, likinywewa na pale pakawa peusi ujue ngozi iko wazi, wenyewe tunaiita anilini, na hiyo haitaki masihara kabisa. Yake ilikunywa tone. Kwa hiyo nilimwaga poda nikaiacha ilale usiku kucha ifyonze mafuta, sabuni hapana, maji hapana. Asubuhi nimeibrashi, doa limebaki kivuli, nikamwaga poda nyingine nikamwambia tuipe usiku mwingine. Akasema sawa fundi. Yaani "sawa fundi" tu, nikatamani nimkumbatie.

Saa 4, viti vya ofisini, sehemu za kuegemea kichwa zimekuwa nyeusi na zinanata kwa mafuta ya nywele na jasho, nimesafisha kwa povu mara kadhaa, nimefuta, nimepaka losheni, nimeondoka.

Saa 5 na nusu. Hapa ndo siku ilipokaa.

Kochi la kahawia, zuri, ngozi ya kweli yenye koti. Mtoto kachora na bolpeni kwenye mto wa kukalia, mistari mirefu imezunguka zunguka. Mama mwenye nyumba kanipokea vizuri, "karibu fundi, ni kalamu tu, dakika mbili." Nikamuuliza swali langu la kila siku: mama, umeshapaka kitu chochote? "Hata! Sijagusa kabisa, nimekusubiri wewe."

Nikapiga magoti nikawasha tochi ya simu kwa ubavu. Katikati ya mistari pamefifia, hapang'ai, pembeni yake panang'aa kawaida. Kwenye mshono kuna kitu cheupe kimekaukia ndani ya matundu ya uzi. Nikakwangua na ukucha nikanusa. Mint.

"Aah, dawa ya meno kidogo tu, nilisikia inatoa."

Sawa. Nikaendelea kuangalia. Baada ya muda kidogo, kwa sauti ya chini, "na yule dada alipitisha sabuni ya kipande." Sawa. Mimi nimenyamaza tu, maana nimeshajifunza ukinyamaza mtu anajimalizia mwenyewe. Nikaanza kutoa vifaa, na hapo ndo likaja lenyewe: "fundi, na ile ya kutolea rangi ya kucha, lakini kipamba kimoja tu jamani."

Kipamba kimoja tu jamani! Sikilizeni basi, nieleze mara moja. Wino wa bolpeni ni rangi iliyochanganywa na vitu vya mafuta mafuta, unazama taratibu kwenye lile koti la juu. Ukiniwahi ukiwa bado mbichi, mara nyingi unatoka. Dawa ya meno ina chenga za kusagia, kwa hiyo inakwangua koti. Ngozi yenyewe iko upande wa asidi, pH 4 hadi 5 hivi, sabuni ya kipande inafika 9 hata 10, ukiirudia rudia unaikausha ngozi. Na asetoni ya kucha haichagui, inayeyusha koti na rangi pamoja. Kwa hiyo mtu kachukua doa la wino akaligeuza kidonda, halafu mimi ndo naitwa wa dakika mbili.

Nikajaribu spiriti kwanza kwa chini ya mto, ngozi ikatulia. Nikachovya pamba ya masikio, nikaikamua ibaki na unyevu tu, nikaanza kuiviringisha juu ya mstari. Kuviringisha, sio kusugua. Ukisugua unautandaza wino na unashuka chini zaidi. Pamba inageuka bluu, unaitupa, unachukua nyingine, kutoka nje ya doa kuja ndani. Unarudia mpaka mgongo unaanza kuongea. Bluu, bluu, bluu hafifu, halafu kukatokea kakahawia kwenye ncha ya pamba. Nikaacha hapo hapo. Kahawia maana yake sasa natoa kochi, sitoi wino.

"Mbona umeacha? Bado naliona!"

Nikamwonyesha pamba. Hakuiangalia. Na hapo katoka mzee mmoja chumbani, shikamoo mzee, marahaba, akasimama nyuma yangu mikono mgongoni. "Kijana, petroli ndo inatoa wino." Ni kweli mzee, inatoa, ila na rangi ya kochi itaondoka nayo, tukiachia mbali harufu na hatari ya moto. "Sisi zamani tulikuwa tunatumia." Sawa mzee. Hakuondoka lakini, kila nikinyanyua kichwa naona kandambili zake.

Saa sijui ngapi tena, sikuangalia, najua tu nilikuwa na njaa. Kilichobaki ni kurudisha rangi, na watu ndo hawajui hii ni kazi nyingine kabisa. Nimefuta mafuta yote, nimepitisha msasa laini sana kwenye kingo za kile kidonda, nimefuta vumbi, nimeanza kuchanganya. Kahawia kwenye kichupa na kahawia ya kochi hata siku moja hazifanani. Hii ya mama ilikuwa na wekundu kwa mbali, nikaweka tone, ikazidi, nikaituliza na njano na nyeusi ya kwenye ncha ya kijiti. Unapaka kipande kidogo kilichojificha, unasubiri kikauke, maana rangi mbichi inakudanganya, halafu unaubeba mto mpaka dirishani. Chini ya taa ilikuwa imelingana kabisa, dirishani ikaonekana kijani kijani. Nikarudia. Tena. Mama anauliza kwanini tusiutoe tu juani ukauke haraka, wageni wake wanakuja. Hapana mama, jua kali linaikakamaza ngozi na kuipauza. Hita? Hapana. Feni basi? Feni sawa, kwa mbali.

Tabaka jembamba kwa sponji, subiri. Tabaka jembamba, subiri. Hiyo subiri ndo inawaudhi wateja, wanaona umekaa tu umekunja miguu wanadhani unavuta muda. Mwisho koti la kulinda la juu, lisilong'aa sana ili lifanane na mto wa jirani. Nikaurudisha mto mahali pake, nikamwita mzee nikamuuliza doa lilikuwa wapi. Akainama, akapapasa, akapapasa mto mwingine, akasema "hii petroli yenu mpya ni nzuri." Nikacheka mpaka uchovu ukapungua kidogo.

Mama kwenye malipo: "lakini fundi, si umepaka rangi tu." Tumevutana pale mlangoni, tumeelewana, amelipa, yameisha.

Jioni njiani simu. Mtu kochi lake linabanduka magamba magamba anataka losheni ya kulirudisha. Nikamuomba picha, kumbe ni ngozi feki, ile ya plastiki juu ya kitambaa. Hiyo ikishaanza kubabuka hakuna losheni, plastiki yenyewe ndo imekufa, ni kuvalisha upya au kuliacha hivyo. Kanikatia simu. Haya.

Nyumbani nimefua vitambaa, magoti yanawaka, nimejilaza, saa 4 usiku meseji kutoka kwa mama wa kalamu. Wageni wameondoka, hakuna aliyeona kitu, ila kuna mmoja kadondosha soda kidogo pembeni, je anaweza kupitisha zile wipes za mtoto? Nikamjibu afyonze kwa kitambaa kikavu, wipes azirudishe kwa mtoto, na ule mto wa rangi mpya asiuguse kwa kitu chochote cha maji mpaka kesho kutwa.

Akajibu "nimeshapitisha kidogo tu."