Theluji haiui panya

Sisi watu wa Pwani tukisikia theluji twaona kifo cha kila kilicho hai. Mimi hulima Marekani, kwenye baridi, na wiki hii nimeulizwa tena, hapa Kisauni kwa mamangu: "Na baridi yote hiyo, panya si wafa wote?" Hawafi. Theluji ikijaa futi moja au mbili juu ya ardhi huwa blanketi. Juu yake hewa yaweza kushuka mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri, na chini yake, pale inapokutana na udongo, kukabaki karibu na sifuri yenyewe. Hapo katikati yuko mnyama anayetembea, anayekula na hata kuzaa wakati watu wamejifungia ndani, na kazi yake huonekana Machi.

Anaitwa voli. Ni jamii ya panya, mnene kidogo, masikio yamezama kwenye manyoya, mkia mfupi. Halali usingizi wa miezi kama wanyama wengine wa kule. Mimba yake ni wiki tatu, huzaa watoto wanne, watano, hata sita kwa mkupuo, na mtoto wa kike akitimiza kama mwezi mmoja naye yuko tayari kubeba mimba. Kila baada ya miaka michache idadi yao hupanda kwa kasi, kisha hushuka, na mkulima hana kauli kubwa katika hilo.

Shamba letu liko bonde la mto Hudson, jimbo la New York, nchi ya mitufaha. Ni ekari chache tu: miti ya matunda, mboga, kuku. Hatutifui udongo kwa trekta na hatuiachi ardhi uchi; msimu wa mboga ukiisha twapanda mimea ya kufunika udongo, na katikati ya mistari twatandaza majani makavu na vipande vya mbao. Nakuja Mombasa Februari kwa sababu ndio mwezi ambao ardhi ya kule imeganda na haimhitaji mtu. Mume wangu amebaki na kuku. Hapa kaskazi bado yavuma, na mimi nala maembe mpaka mamangu anitazama.

Juzi nilivuka feri kwenda Mtongwe kwa mjomba wangu. Ana mihogo, minazi na mikorosho michache, na ana vita vya siku nyingi na fuko wanaomlia mihogo kutoka chini. Nilimsimulia jinsi theluji inavyoyeyuka ikaacha njia za voli wazi juu ya nyasi, vijia vyenye upana wa vidole viwili hivi, vinapinda huku na huku mpaka kwenye mashina ya miti. Nikamwambia jinsi gome la mti mchanga linavyotafunwa kuuzunguka mti mzima, mti ukabaki mweupe pale chini. Na jinsi mti huo unavyoweza kuchanua vizuri kabisa mwezi wa Mei, ukamdanganya asiyeinama kuutazama, kwa sababu maji bado yapanda kupitia ndani ya mbao. Kilichokatika ni njia ya kushukia. Chakula kinachotengenezwa na majani hupita kwenye gome kwenda mizizini. Gome likikatwa duara zima, mizizi hufa njaa polepole, kisha mti wote huifuata.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na sumu je, mwanangu? Hapa dawa ya panya yauzwa barabarani kwa kipaza sauti. Huko kwenu haipo?"

Ipo, nilimwambia. Ni swali la haki, na mtu aliyekosa magunia ya mihogo kwa sababu ya fuko hastahili jibu la haraka.

Sumu nyingi za panya za siku hizi huzuia damu isigande. Panya hafi papo hapo. Huchukua siku kadhaa, na katika siku hizo atembea amelegea, hata mchana kweupe, na huyo ndiye mawindo rahisi kuliko wote. Bundi humchukua, mwewe humchukua, mbweha na paka vilevile, na sumu ikaingia katika mwili wa mla panya. Baadhi ya sumu hizo hukaa kwenye ini kwa miezi. Sasa hesabu ya uzazi: voli huhitaji wiki tatu kuleta kizazi kipya, bundi kwa kawaida hulea mara moja tu kwa mwaka. Ukiwapunguza wote wawili kwa chakula kimoja, anayerudi kwanza ni voli, na anarudi kwenye shamba lisilo na wa kumla. Mimi siiti hiyo dawa.

Lakini sababu nyingine naiona nzito zaidi, nayo yahusu yale matandazo. Voli hupenda shamba letu kwa sababu ile ile inayolifanya kuwa shamba zuri: limefunikwa. Nyasi ndefu na majani makavu humficha asionwe kutoka juu. Wako wakulima, wakishaona miti iliyotafunwa, huchoma nyasi, hukwangua ardhi mpaka ibaki udongo mtupu, wakasema tatizo limekwisha. Kweli, voli huhama. Na nyungunyungu huenda, na unyevu huenda, na mvua kubwa ya kwanza hubeba udongo wenyewe mpaka mtoni.

Wasomaji wa Mombasa hawahitaji kufika New York kuliona hili. Wengi wetu tumepelekwa na shule Haller Park, pale Bamburi. Palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jiwe tupu la matumbawe linalochomwa na jua kutwa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu aina 26 za miti juu ya jiwe hilo. Zilizosimama ni chache mno, na uliobeba kazi ni mvinje. Kisha likaja tatizo: majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yalirundikana chini bila kuoza. Aliyelitatua ni jongoo. Waliletwa wakaachiwa pale, wakala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji ambayo miti mingine iliota ndani yake. Leo ni msitu, kuna twiga, na watoto hukimbia humo bila kujua kwamba wanakanyaga kazi ya jongoo. Mjomba alifanya vibarua Bamburi ujanani na aliyakumbuka machimbo yale yakiwa meupe. Nilipomwambia kwamba majani tunayotandaza sisi ndiyo yale yale ya Bamburi, na kwamba siwezi kuyaondoa kwa hofu ya panya, alitikisa kichwa cha kukubali. Hilo halikuhitaji maelezo marefu.

Kwa hiyo ardhi inabaki imefunikwa, na ulinzi wawekwa kwenye shina. Kila mti mchanga una wavu wa waya uliouzunguka, matundu yasiyozidi milimita 6, umezikwa sentimita 15 chini na kusimama mpaka juu ya kimo cha theluji. Waya wa kuku haufai. Matundu yake ni makubwa, voli mdogo apita. Matandazo hayagusi shina: tunaacha duara lililo wazi kulizunguka, hatua moja hivi kila upande, na nyasi zote kati ya mistari hukatwa fupi mwezi wa Novemba, kabla theluji haijaanguka. Voli hachelei mtu. Anachochelea ni kuvuka uwanja mtupu chini ya macho ya ndege.

Kuna jaribio moja jepesi la kujua kama wapo wengi. Weka kipande cha tufaha kwenye kijia chao, ukifunike na ubao, urudi kesho yake saa ile ile. Kikiwa kimeliwa karibu kila ulipoweka, usingoje. Hapo twatega mitego ya kubana, ile ile ya mbao na waya inayouzwa Kongowea, tukiiweka kukatiza kijia ili mdomo wa mtego uwe katikati ya njia, na siagi ya njugu kidogo kuwa chambo. Kila mtego hufunikwa na kreti ili ndege na kuku wetu wasiukanyage. Ni kazi ya kuinama kila asubuhi katika tope la baridi, wala sitaisifu zaidi ya hapo.

Mengine tumewaachia ndege. Ukingoni mwa msitu tumetundika sanduku la mbao kwa ajili ya bundi wadogo wa kule, na kwenye uwanja wazi kuna nguzo yenye sanduku la kipanga. Nilipomwonyesha mamangu picha kwenye simu aliirudisha haraka.

"Astaghfirullah. Weye mwana, umemjengea bundi nyumba? Kwa mikono yako?"

Sikumbishia. Nimekulia nyumba hii hii. Bundi akilia usiku juu ya mwembe wa jirani, wakubwa walinyamaza na kusoma dua, kwa sababu ilisemwa kwamba kuna maiti itakayotoka mtaani. Hofu hiyo siidharau. Nilimweleza tu kwamba huyu hula panya usiku kucha, kwamba bila yeye ningelazimika kutumia sumu, na kwamba sanduku liko mbali na dirisha la watoto. Alifikiri kidogo. "Basi akae huko huko," akasema, na hiyo kwa mamangu ni ruhusa. Mjomba yeye alikwenda mbali zaidi. Kuna bundi kwenye mbuyu karibu na shamba lake, na vijana humpiga mawe. Alisema ataongea nao.

Mwaka jana theluji ilijaa kuliko kawaida na ikapanda juu ya nyavu. Voli wakatembea juu yake, wakatafuna gome pale ambapo hakuna waya. Miti iliyoliwa upande mmoja mara nyingi hupona yenyewe. Iliyozungukwa yote huhitaji tiba, nayo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote za majira haya: kuujengea mti madaraja.

Mwezi wa Februari, mti ukiwa bado umelala, unakata vijiti vya mwaka uliopita, unene wa penseli, vyenye afya. Unavifunga kwenye kitambaa chenye unyevu na plastiki, unaviweka kwenye friji ili visiamke. Unangoja mpaka Aprili, utomvu ukianza kupanda, gome likaanza kuachia mbao ukilisukuma kwa ncha ya kisu. Hapo unasafisha kidonda mpaka gome zima, juu na chini. Unachonga kijiti ncha zote mbili, unaingiza ncha ya chini chini ya gome la chini na ya juu chini ya gome la juu, kikiwa kimepinda kidogo ili upepo ukiusukuma mti kisichomoke. Ncha iliyokuwa juu kijiti kikiwa mtini lazima ibaki juu. Ukikigeuza hakifanyi kazi. Kimoja kila sentimita tano au saba, kuuzunguka mti wote, kisha misumari midogo na nta kila penye mkato. Vikishika, chakula cha majani chapita tena kwenda mizizini, na vijiti hunenepa mwaka hadi mwaka mpaka vikakutana. Nimepiga magoti kwenye tope nikifanya hivyo huku vidole havina hisia, na kila kijiti kilichoshika nilikishukuru kwa sauti.

Yapo mengine ya majira ya machipuko, baridi ikiisha. Nyumbani msimu huitwa na mvua: masika yakikaribia, kila mtu ana jembe. Kule maji yapo tele tangu theluji iyeyuke. Kinachongojewa ni joto la udongo, na matandazo hulichelewesha. Kwa hiyo mistari ya mboga twaifunua mapema ipate jua. Njegere hukubali udongo wa nyuzi 7, maharagwe yataka 15 na zaidi. Udongo ukifinyangika mkononi kama tonge, haukanyagwi. Koa wasio na gamba hujificha chini ya majani na kumaliza miche ya letasi usiku mmoja. Kupe nao huamka, wakiwemo wanaobeba ugonjwa wa Lyme, na kila jioni watoto hukaguliwa nyuma ya masikio na magoti.

Jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha umande na maua, ndiyo inayonikosesha usingizi. Ua la mtufaha likiwa limefunguka kabisa, nyuzi 2 chini ya sifuri kwa nusu saa huua kama moja katika kila kumi, na karibu nyuzi 4 chini huua tisa. Usiku mmoja wa Mei waweza kuchukua matunda ya mwaka mzima. Hapa pia matandazo hudai malipo yake, kwani udongo ulio wazi na wenye maji hutoa joto usiku, uliofunikwa hulizuia. Hewa baridi huteremka bondeni, ndiyo maana mitufaha yetu mipya tumeipanda mtelemkoni, na ile midogo twaifunika kwa shuka utabiri ukiwa mbaya.

Mjomba aliniuliza kama wavu wa waya ungemfaa kwa fuko. Kwa shamba zima la mihogo, hapana; fuko hupita chini ya wavu na gharama hailipi. Kwa miche yake ya mikorosho, kuizungushia waya shimoni kabla ya kuipanda, inafaa kujaribu, na tumepatana aanze na miche michache masika haya. Waya tutautafuta pamoja kesho.

Mume wangu amekata vijiti jana. Amenitumia picha ya friji: viko rafu ya chini, mbali na matunda, kwa sababu tufaha likiiva hutoa gesi inayoua machipukizi. Wewe unayeishi nchi za baridi na una mti wa matunda uani, theluji ikipungua inama utazame shina pale chini, pande zote, kabla machipukizi hayajafunguka. Ukikuta gome limezungukwa, vijiti vikatwe wiki hiyo hiyo. Mti ukishaamka, vijiti vyake havifai tena kwa kazi hii.