Mafuta na marejeo: vyombo vidogo vya kivita katika Homeworld

Nimecheza Homeworld kwa miaka mingi, mchezo wa mikakati ya vita vya angani uliotengenezwa na Relic Entertainment na kutolewa mwaka 1999, na hadi leo manowari zake kubwa hazinivutii kama vyombo vidogo vya kivita vinavyotoka tumboni mwa meli mama kimoja baada ya kingine. Wachezaji wengi huvitumia kama vitu vya kupotea bila majuto, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na huangamia haraka. Kwangu mimi, hivyo ndivyo vinavyomlazimisha mchezaji kupima umbali kabla ya kutoa amri, na chanzo cha nguvu hiyo ni jambo moja ambalo matoleo yaliyofuata yaliliondoa, nalo ni mafuta.

Katika mchezo wa awali, kila chombo kidogo kina akiba ya mafuta inayopungua kinaposafiri na kupigana. Yakiisha, chombo hakilipuki. Kinajikokota taratibu mno hata adui yeyote aweza kukifikia. Ili kujaza tena, kinaweza kutia nanga kwenye meli mama, kwenye meli ya kubebea vyombo, au kwenye manowari ya msaada, ambayo pia hukitengeneza kilipoharibika. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na sijaona mchezo uliolitia neno hilo katika vitendo kwa ukamilifu kama huu. Nakumbuka nilivyotuma viwindaji, yaani vyombo vidogo vyepesi vya kufukuza adui, kumi na viwili kufukuza meli za adui za kukusanya rasilimali, vikashinda pambano bila kupoteza hata kimoja, kisha vikaishiwa mafuta vikiwa katikati ya njia ya kurudi. Kikosi kidogo sana cha adui kilivikuta humo na kuvimaliza vyote, huku mimi nikitazama bila la kufanya.

Uhai wa vyombo hivi unatokana na mwendo wake. Risasi za mchezo wa kwanza husafiri angani kwa njia zake zenyewe, kwa hiyo chombo kinachopinda kwa wakati ufaao huzikwepa kwelikweli. Manowari ya mzinga wa ioni, yaani mzinga wa mwale wa nishati, inayoweza kuipasua meli kubwa, haina la kufanya mbele ya viwindaji, kwa sababu mzinga wake umekazwa kuelekea mbele na ni lazima meli nzima igeuke ili kulenga. Mchezaji huweza kuvipanga vyombo vyake kwa umbo la pembetatu, ukuta au tufe, kisha akavitaka vishambulie kwa ukali au vitangulize kukwepa, na kwa kukwepa makali ya mashambulizi hupungua. Tufe ndilo nilipendalo zaidi, kwa kuwa vyombo huizunguka meli moja kubwa pande zote na kuipiga bila kupishana kwa zamu. Vyombo vya kutupa mabomu hufaa dhidi ya manowari lakini huwa mawindo mepesi ya viwindaji, hivyo kuvituma bila wasindikizaji ni kuvitoa kafara. Adui mkubwa wa vyombo vyote vidogo ni korveti, chombo kikubwa kidogo kuliko kiwindaji, yenye mizinga mingi, pamoja na ile meli ya kuzalisha mvutano ambayo huvinasa vyombo vidogo papo hapo vilipo, vya adui na vyako pia, kwa hiyo anayeitumia bila kuviondoa vyake kwanza hujifunga mwenyewe.

Homeworld 2 ya mwaka 2003 iliondoa mafuta na kuanza kuunda vyombo kwa vikosi, viwindaji vikiwa vitano vitano, na kikosi kilichopunguka hujazwa upya kikitia nanga. Utaratibu huo unarahisisha mambo, nami sikatai kwamba unampunguzia mchezaji kazi ya kusimamia kila chombo. Hata hivyo, kikosi kisichoishiwa mafuta kinaweza kuvuka uwanja mzima bila hofu, na meli ya kubebea vyombo inapoteza sababu kubwa ya kusogea karibu na vita. Toleo lililoboreshwa la mwaka 2015 lilijengwa juu ya mtambo, yaani programu ya msingi, wa mchezo wa pili, kwa hiyo hata sehemu ya kwanza ikapoteza mafuta yake, ingawa marekebisho ya mwaka 2016 yalirejesha uhai kiasi katika maumbo ya kupanga vyombo na mwenendo wa risasi.

Ndiyo maana bado narudi kwenye mchezo wa 1999. Siku hizi, kabla ya kutuma kiwindaji chochote, hutanguliza manowari mbili za msaada hadi nusu ya njia, kikosi kimoja kikazilinda, na cha pili hakiondoki mpaka cha kwanza kimejaza mafuta.