Nilipostaafu, Nilijikuta Mgeni Nyumbani Kwangu

Siku ya tatu baada ya kustaafu niliipanga upya stoo yetu. Nilitoa kila kitu nje, nikafuta vumbi, nikavigawa vitu kwa makundi na kubandika karatasi yenye maelezo kwenye kila rafu, kisha mke wangu aliporudi kutoka zamu ya usiku nikamwonyesha kazi hiyo kwa fahari ya mtu aliyekabidhiwa cheo kipya. Aliitazama kwa muda, akapeleka mkono mahali ambapo sabuni ilikuwa imekaa kwa miaka ishirini, akaukosa mche wa sabuni, akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, umestaafu. Hukuhamishiwa hapa." Hakukasirika, wala hakurudisha vitu vilivyokuwa. Alikwenda kulala. Imepita miaka saba tangu asubuhi hiyo, na sijapata kusikia neno jingine kuhusu kustaafu lililonifaa kuliko hilo.

Nilikuwa mkaguzi wa hesabu kwa miaka 34. Niliipenda kazi hiyo na bado naiheshimu, lakini ni kazi ya kufika mahali ambapo wengine wamekwisha kufanya yao, kuwauliza kwa nini wamefanya hivyo, kuandika dosari na kuondoka. Mkaguzi anayezoeana mno na anaowakagua hupoteza jicho lake, na kwa hiyo nilijizoeza kukaa pembeni kidogo, kwa adabu, bila kushikamana na mtu. Tabia hiyo iliyonilinda kazini ndiyo niliyoingia nayo nyumbani. Nikaanza kuuliza kwa nini taa ya ukumbini huwashwa mapema, kwa nini ufunguo wa akiba hukaa kwa jirani, kwa nini binti yetu akiwa na jambo humpigia simu mama yake na mimi huja kuarifiwa baadaye. Kila swali lilikuwa na jibu, na karibu kila jibu lilikuwa na umri wa miaka mingi. Nyumba ilikuwa na sababu zake, ila mimi sikuwapo zilipokuwa zikitengenezwa.

Hilo la kutokuwapo liliniuma, kwa kuwa nilikuwa nikirudi kila jioni, nikilipa ada kwa wakati, na sikukosa sherehe yoyote kubwa ya watoto wetu. Hata hivyo maisha ya familia hayakai sana katika sherehe. Hukaa katika kujua ni mtoto yupi asiyeogopa giza lakini akaogopa mlango uliofungwa, na ni yupi anayenyamaza anapoumwa. Mke wangu aliyajua hayo yote huku naye akiwa ameajiriwa, akiuguza wagonjwa kwa zamu za usiku na mchana, na sina budi kukiri kwamba uchovu wake wa miaka ile niliuchukulia kuwa hali ya kawaida ya mambo. Ilinichukua karibu mwaka mzima kumwomba radhi kwa jambo hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba alikuwa akilisubiri, na hatukulirudia tena.

Watu huuzungumzia umri wa kustaafu kana kwamba ni mpaka uliochorwa mwilini. Ujerumani ilipopitisha sheria yake ya pensheni ya uzeeni mwaka 1889, wakati wa Kansela Otto von Bismarck, umri uliowekwa ulikuwa miaka 70, na mwaka 1916 ukashushwa hadi 65. Hizo ni namba zilizokubaliwa mezani kwa kupima fedha na siasa, na mwili wa mtu hauna habari nazo. Mimi nilistaafu Ijumaa nikiwa na uwezo uleule niliokuwa nao Alhamisi. Kilichokatika ghafla ni kule kuhitajiwa: watu waliokuwa wakingoja sahihi yangu walipata sahihi nyingine, na simu iliyokuwa ikilia mpaka usiku ikanyamaza ndani ya wiki mbili. Nilihesabu wale walioendelea kunipigia. Walikuwa wanne.

Wakati huo niliona idadi hiyo kuwa msiba. Baadaye nilisoma kuhusu kazi ya mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye ameeleza kwamba mtu anapouona muda ulio mbele yake kuwa mfupi, huacha kukusanya watu wapya na kuwaegemea wale walio karibu na moyo wake. Na kwamba hata vijana hufanya hivyohivyo wanapokabiliwa na safari ya kuhama au ugonjwa mzito. Maelezo hayo yalinifariji, kwa sababu yalinionyesha kwamba kupungua kwa watu kunaweza kuwa uchaguzi. Wale wanne tunaonana mara kwa mara hadi leo, na mazungumzo yetu yana kina ambacho hayakuwa nacho tulipokuwa na haraka.

Lakini nataka kukaa zaidi kwenye suala la masikio, maana ndilo lililokaribia kunitenga kabisa, na ninajua wapo wengi wa rika langu wanaolificha.

Katika mwaka wa pili nilianza kuamini kwamba watu wa nyumbani hawatamki maneno vizuri. Mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka minne wakati huo, alikuwa akinisimulia jambo nami ninatikisa kichwa, kisha akaniuliza swali nikajibu "ndiyo", na nikaona uso wake ukianguka. Aliniuliza kama nimemchoka. Binti yangu alikuwa mlangoni. Hakusema kitu mbele ya mtoto, lakini jioni aliniambia, "Baba, husikii, na sisi tunaogopa kukuambia." Nilikataa kwa miezi mitatu. Nilipokwenda kupimwa nilielezwa kwamba masikio yanayozeeka kwa kawaida hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na katika maneno sauti hizo ndizo zinazobeba konsonanti kama s, f na sh, ilhali irabu, ambazo ni nzito zaidi, huendelea kusikika. Kwa hiyo mtu anajua kabisa kwamba anasemeshwa, lakini hajui anaambiwa nini. "Fika" na "shika" vilikuwa vikinifikia kama neno moja. Sauti za watoto, kwa kuwa ni nyembamba, hupotea mapema. Kwa hiyo mtu niliyemtamani kuliko wote kumsikia ndiye aliyekuwa ananiponyoka kwanza.

Nilipewa kifaa cha kusaidia kusikia, na wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kwa sababu ubongo uliokwisha kuzoea kimya huhitaji muda kujifunza upya kelele za kawaida. Karatasi ilipasua masikio, maji ya bomba yalinguruma, na nyayo zangu mwenyewe zilinifanya nigeuke kutazama ni nani anayenifuata. Kufikia wiki ya nne nilikuwa nimekaa sebuleni, na kutoka chumba cha pili nikamsikia mjukuu wangu akiimba peke yake, kwa sauti ya chini, wimbo alioutunga yeye mwenyewe kuhusu viatu vyake. Nilisikia kila neno. Nimepata kupandishwa cheo mara kadhaa maishani na sijui ni mara ipi niliyofurahi kama nilivyofurahi pale.

Kazi nayo ilirudi, kwa mlango nisioutarajia. Binti yangu ana karakana ndogo ya ushonaji, na mwaka wa tatu wa kustaafu kwangu aliniomba nimtazamie vitabu vyake vya hesabu. Nilivichukua, nikavipitia kwa siku mbili, nikamrudishia na kurasa tano za dosari zilizoandikwa kwa mpangilio mzuri na kupewa namba. Alizisoma, akanishukuru, akafunga daftari, na kwa miezi kadhaa hakuniomba tena. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri ya ukaguzi na kazi mbaya ya ubaba.

Safari ya pili nilimwomba mimi. Nilimwambia kwamba sitaki kukagua, nataka kuandika: anipe stakabadhi zake kila Alhamisi, nami nitaingiza kwenye leja kama karani wake, na akisema jambo lifanywe kwa namna fulani nitalifanya hivyo. Nilihisi aibu kidogo siku ya kwanza, kwa kuwa tangu ujana sikuwahi kushika leja ya mtu kama mwandishi wake. Sasa ninazitazamia Alhamisi. Ninaandika kila muamala mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, kwa utaratibu ambao mtawa Luca Pacioli aliuchapisha huko Venice mwaka 1494, ingawa wafanyabiashara walikuwa wakiutumia hata kabla yake, na mwisho wa mwezi tunatengeneza urari kuona kama pande mbili zinalingana.

Mjukuu, ambaye sasa ana miaka tisa, hukaa nasi. Mwezi uliopita pande hizo zilipishana kwa 270, na mama yake alitaka kuanza kupitia stakabadhi zote upya. Nilimwonyesha mtoto siri ya makarani: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubakiza kitu, huenda mtu amegeuza tarakimu mbili, kwa sababu ukibadilisha nafasi za tarakimu katika namba yoyote, tofauti kati ya namba ya zamani na mpya daima hugawanyika kwa 9. Akagawanya, akapata 30. Akapita kurasa kwa kidole, mstari baada ya mstari, kwa subira ambayo sikuijua kuwa anayo, mpaka akakuta 360 mahali ambapo stakabadhi ilisema 630. Mwandiko ulikuwa wangu. Alinitazama kwa wasiwasi, akidhani nitaudhika, nami nikampa kalamu yangu asahihishe yeye mwenyewe.

Mwili unadai yake, na sitayaandika mengi kuhusu hilo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wakiwamo wenye miaka 65 na zaidi, wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na sisi wazee tuongeze mazoezi ya kujisawazisha siku tatu au zaidi ili tusianguke. Mke wangu nami hutembea pamoja anapokuwa hana zamu. Ananipita kwa kasi na hunisubiri kwenye kona.

Usingizi pia umebadilika. Kadiri umri unavyosonga usingizi huwa mwepesi, na saa ya ndani ya mwili huwahi, hivyo mtu husinzia mapema na kuamka mapema. Mimi huamka saa kumi alfajiri. Mwanzoni nililala nikitazama dari na kupanga kazi ambazo hazikuwapo. Siku hizi, mke wangu akiwa zamu ya usiku, ninaamka, ninafagia ukumbi, ninawasha taa, kisha ninakaa karibu na mlango. Nimeshajua kwa nini taa ile huwashwa mapema. Ni yeye aliyeanza kuiwasha, miaka mingi iliyopita, ili nirudipo jioni nisikute giza.

Mwaka ujao naye anastaafu. Ninayo mengi ya kumwambia kuhusu wiki zile mbili za mwanzo, na nimeamua kutosema lolote mpaka aniulize. Stoo sitaigusa.

Anarudi saa moja asubuhi au kupita kidogo, ikitegemea usiku ulivyokuwa. Kabla ya kupata kifaa changu nilikuwa ninamwona tu akiwa amekwisha kuingia. Sasa ninazisikia nyayo zake tangu nje, mguu wa kulia ukitua kwa uzito kidogo kama zamu ilikuwa ndefu, halafu mkoba ukifunguliwa, halafu funguo zikitafutwa ndani yake, na mara nyingi ninawahi kuufungua mlango kabla hajazipata.