Usukani wa trekta kuukuu: mchezo haukutoka nilikodhani

Nilianza kuiogopa trekta yangu siku nilipozungusha usukani karibu robo mzunguko na magurudumu ya mbele yasitikisike. Ulegevu huo ndio mafundi huuita mchezo. Shambani, kwa mwendo wa kulima, nilikuwa navumilia. Barabarani, tela likiwa limejaa, ilikuwa inayumba huku na huku.

Kwanza nilidhani ni giaboksi ya usukani. Ina skrubu ya kurekebishia, basi nikaiwekea alama na kuikaza nusu mzunguko. Mchezo ukapungua kidogo, lakini usukani ukawa mzito, na nikimaliza kona haurudi wenyewe. Nikairudisha skrubu kwenye alama yake siku hiyohiyo. Kazi yake ni kufidia kulika kwa gia za ndani tu. Ukiitumia kuficha mchezo unaotoka kwingine, gia zinabanana na kuliwa upesi, na hapo umejiongezea ubovu wa pili.

Kilichosaidia ni kuwa wawili. Mdogo wangu alikaa kitini, injini imezimwa, magurudumu yako chini, akawa anatikisa usukani polepole kushoto na kulia. Mimi nililala kando, kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu. Macho peke yake hayatoshi kwa kazi hii. Kiganja kinahisi hata milimita moja.

"Kaka, umekiona?"

"Nimekihisi. Tikisa tena."

Ilikuwa tairodi endi ya kushoto, yaani kiungo cha mwisho wa fimbo inayogeuza magurudumu: fimbo inakwenda, mkono wa gurudumu unachelewa kuifuata. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umepasuka, mchanga na maji vimeingia, na grisi imegeuka tope linalosaga chuma.

Tukapandisha ekseli kwa jeki na kuiegemeza juu ya magogo imara, maana jeki peke yake siiamini hata kidogo. Nikashika gurudumu juu na chini, nikalisukuma na kulivuta. Linacheza. Hapa wengi hukimbilia kubadilisha beringi, kumbe inafaa kutazama kwanza ni nini kinachosogea. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikicheza juu ya shafti yake, ni beringi. Shafti nzima ikicheza ndani ya ekseli, ni kingpini, ile pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia, na bushi zake, vipande vya mviringo vinavyoishika. Kwangu ilikuwa kingpini, tena chuma chenyewe kilikuwa kimelika, kwa hiyo bushi mpya peke yake isingedumu. Nilibadilisha vyote, na fundi akazipitisha bushi rima, kifaa cha kupanulia tundu, mpaka kingpini ikazunguka kwa mkono.

Tairodi endi niliitoa bila kuziumiza nyuzi zake za kufungia nati. Nilichomoa splitipini, pini ndogo inayozuia nati isilegee, nikalegeza nati lakini nikaiacha ikining'inia, kisha nikaegemeza nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono na kupiga upande wa pili. Mapigo matatu ikaachia. Nilipokuwa naifungua kwenye fimbo nilihesabu mizunguko, ili mpya iingie kwa urefu uleule. Wakati wa kufunga, tundu la splitipini lisipolingana, kaza nati mbele kidogo, usiirudishe nyuma. Na splitipini iwe mpya.

Bado nilipima magurudumu. Kitabu cha trekta yangu kinataka umbali kati ya magurudumu ya mbele, ukipimwa kwenye ncha zake za mbele, uwe mfupi kuliko kwenye ncha zake za nyuma kwa milimita chache, basi nilirekebisha fimbo mpaka ikafika hapo.

Siku hizi napiga grisi kila asubuhi ya kazi, na mara kwa mara naipandisha ekseli kwanza, kwa sababu uzito ukiwa juu ya kingpini grisi haifiki pale panapobanwa. Naendelea kupiga mpaka grisi chafu itoke. Sizungushi usukani trekta ikiwa imesimama, hasa mbele kukiwa na mzigo. Naiacha isogee kidogo kwanza. Na kwenye kona kali ya mwisho wa shamba natumia breki ya upande mmoja (kuna pedali moja kwa kila gurudumu la nyuma) kwa mwendo mdogo, badala ya kuulazimisha usukani. Barabarani pedali mbili za breki zimefungwa pamoja, kila safari, bila kusahau.

Nimebandika kipande cha utepe kwenye ukingo wa usukani na kingine kwenye dashibodi. Siku vikianza kuachana kabla magurudumu hayajageuka, mdogo wangu anapanda kitini nami nalala chini tena.