Nodi ya pili imerudi kundini, na mchawi alikuwa betri ya saa

Saa tisa ya usiku kuamkia leo nodi ya pili, yaani seva ya pili kati ya tatu zinazofanya kazi kama kundi moja (klasta), imerudi. Idadi ya klasta ikasoma 3, hali ikaandika Synced, yaani imelingana na wenzake, nami nikatoka uani nikakaa juu ya ndoo kuangalia taa za wavuvi wa dagaa kule ziwani. Ulikuwa usiku wa nne. Mke wangu akafungua dirisha: "Baba watoto, imepona?" Nikasema imepona. Akafunga dirisha.

Mitambo mnaijua: seva tatu za mtumba aina ya ProLiant DL360 Gen9, zilizotoka Kariakoo zikaja kwa treni hadi huku mwisho wa reli. Zote tatu ni vidhibiti vya wingu la OpenStack (programu huria ya kuendesha mashine pepe kwenye seva zako mwenyewe) ambalo vijana saba tunajifunzia hapa Kigoma. MariaDB (hifadhidata) yenye Galera inayolinganisha nakala zake kwenye nodi zote, RabbitMQ ya kupitisha ujumbe kati ya huduma, HAProxy mbele ya kugawa maombi. Kompyuta zinazobeba mashine pepe hazihusiki leo.

Kilichonisukuma kugusa fimwea (programu iliyo ndani ya vifaa vyenyewe) ni iLO 4, kikompyuta kilicho ndani ya seva cha kuisimamia kwa mbali. Zangu zilikuwa na toleo la kabla ya 2.53, yaani bado zina lile tundu la usalama lenye namba CVE-2017-12542: unatuma ombi lenye kichwa cha Connection kilichojazwa herufi A 29, na mlango unafunguka bila nywila. Nilijaribu mwenyewe kwa laptop nikiwa sebuleni, nikajikuta ndani ya seva yangu nikiorodhesha watumiaji. Baada ya hapo usingizi unatoka wapi?

Sikushusha mkupuo mzima wa SPP, furushi la HPE lenye fimwea zote. Ni gigabaiti nyingi kwa bando la kununua, halafu Smart Update Manager, programu yake ya kusakinisha, inakagua mashine weee mpaka unachoka, ije ikwambie unachokijua. Faili la iLO peke yake ni MB 16. Napakia kwa kivinjari, kisha ROM ya P89, yaani BIOS ya seva, basi. Wanaopenda kubofya kitufe kimoja na waendelee kubofya.

Nodi ya kwanza haina hadithi. Keepalived ikahamishia anwani ya pamoja kwenye nodi nyingine, nikaizima MariaDB kwa adabu, nikapandisha fimwea, nikawasha, ikajiunga. Muda mwingi ulikwenda kuisubiri mashine imalize kujikagua. Anayeharakisha ProLiant kuwaka anaharakisha mimba.

Ya pili sasa. Fimwea iliingia, lakini iLO ikaanza kulalamika kwamba flashi ya ndani (kumbukumbu yake) imefeli. Ugonjwa huu wenye Gen8 na Gen9 wanaujua, na dawa yake pia: amri ya hponcfg na kile kifaili cha XML chenye FORCE_FORMAT kinachoifomati upya, halafu unachomoa nyaya zote mbili za umeme ili iLO ife kabisa, kwa sababu ukizima seva tu yenyewe hubaki macho. Nikachomoa, nikasubiri dakika tano, nikarudisha. Flashi ikapona. Nikajipigapiga bega.

Kisha Galera ikakataa kujiunga. Ikisogea kwa wenzake, mazungumzo ya TLS (usimbaji unaolinda mawasiliano) yanakatika: uhakiki wa cheti, kitambulisho cha kidijitali cha seva, umeshindikana. Nodi ya kwanza na ya tatu zinaelewana vizuri, na ya pili, ambayo juzi tu ilikuwa ndugu yao, haitambui mtu.

Usiku wa kwanza niliamini ni vyeti. Nikavikagua kwa openssl: tarehe ya kuisha bado mbali, saini iko sawa, mamlaka ni ile ile ya kwetu. Nikavitengeneza upya hata hivyo. Wapi. Usiku wa pili nikahamia kwenye grastate.dat, faili ambamo Galera huandika hali yake, nikaanza kuitazama ile safe_to_bootstrap, ruhusa ya kuanzisha kundi upya, kwa jicho baya. Nilikuwa hatua moja kutoka kuiweka 1 kwenye nodi iliyo nje ya kundi, kitendo ambacho kingenipa hifadhidata mbili kila moja ikijiona ndiyo halali. Namshukuru kijana mmoja wetu aliyeandika kwenye kikundi, "Kaka, lala kwanza." Nililala.

Usiku wa tatu nikaulaumu mtandao. Nilisikia kwamba ROM mpya inaweza kubadilisha majina ya kadi za mtandao, nikahangaika na eno1 na eno2 mpaka saa nane. Majina hayakuwa yamebadilika hata herufi. Na muda wote huo tunatembea kwa miguu miwili: klasta ya watu watatu ikibaki na wawili, mmoja akianguka, anayebaki hana wingi wa kura na anafunga duka. Kila taa ya nyumbani ilipofifia, moyo ulipiga.

Jana usiku, kwa kukata tamaa tu, nikafunga vyeti vya nodi ya kwanza kwenye furushi la tar nikavipeleka ya pili. Nilipovifungua, tar ikanionya kwamba faili hili limeandikwa wakati ujao. Nikaisoma mara mbili. Wakati ujao! Nikaandika date. Nodi ya pili ilikuwa inaishi mwezi wa tatu, mwaka jana.

Nilipochomoa nyaya, kitu pekee kilichobaki cha kushikilia saa ni betri ya sarafu kwenye ubao mama. Ilikuwa imekufa, pengine tangu Kariakoo, lakini tangu niiwashe hapa sikuwahi kuinyima seva hii umeme wote kwa pamoja, hivyo haikupata nafasi ya kuonyesha ugonjwa. Na vyeti vyetu, vya awali na hata nilivyotengeneza upya, vyote ni vya mwaka huu. Kwa macho ya nodi ya pili, wenzake walikuwa wanamwonyesha vitambulisho ambavyo havijaanza kutumika. Mimi nilitazama tarehe ya kuisha tu. Nani hutazama tarehe ya kuanza?

Kinachoniuma zaidi ni jinsi kosa lilivyojificha. Ingekuwa saa imesoma 1970 ningeiona dakika ile ile. Lakini systemd, programu inayoanzisha huduma zote za Linux, ikikuta saa ya ubao iko nyuma ya siku ambayo yenyewe ilijengwa, huisogeza hadi siku hiyo. Ukarimu huo ukanipa tarehe inayofanana na kweli. Tena journalctl, amri ya kusomea kumbukumbu za mfumo, kwa kawaida haiandiki mwaka, inaandika mwezi, siku na saa, na mtu mwenye usingizi husoma saa tu.

Mtasema chrony, programu inayosahihisha saa kupitia mtandao, ilikuwa wapi. Ilikuwepo, kijani kabisa, "active". Ila vyanzo vyake nilivitaja kwa majina, na majina yanatafsiriwa kuwa anwani za IP na Unbound iliyo kwenye nodi hiyo hiyo, nayo inahakiki DNSSEC, saini zinazothibitisha majibu hayo. Saini za DNSSEC nazo zina tarehe ya kuanza. Kwa hiyo Unbound inakataa jina kwa sababu saa si sahihi, na chrony haiwezi kurekebisha saa kwa sababu haina jina. Kuku na yai, na mimi ndiye niliyejenga banda.

Nikaweka IP za nodi mbili nyingine kwenye chrony.conf, nikaipa makestep, amri ya kurekebisha saa kwa mruko mmoja, saa ikaruka mwaka mzima na ushee. Galera ikajiunga papo hapo. Ilibidi ivute nakala nzima, maana siku nne zilishapita gcache, akiba ya mabadiliko ya karibuni, ya MB 128. Hata wingu likiwa limekaa bure, kila huduma ya Nova (sehemu ya OpenStack inayosimamia mashine pepe) hujiandikisha kwenye hifadhidata kila sekunde 10.

Asubuhi nikashuka soko la Mwanga kwa fundi saa. "Shikamoo mzee, una CR2032?" "Marahaba. Ile ya rimoti ya gari?" "Ya seva." Akanitazama. "Gari aina gani hiyo?" Nikanunua tatu.

Nodi ya tatu ilikuwa ifanyiwe leo. Haijafanyiwa. Nimechomoa kebo ya mtandao kwenye mlango wake wa iLO ili zile herufi A zisiwe na pa kuingilia, itasubiri. Kwa sababu nikiwa pale kwa fundi nilijiuliza kwa nini klasta yangu iombe saa kwenye intaneti wakati setilaiti za GPS zinapita juu ya bati langu bure. Ninacho kikompyuta cha Raspberry Pi kisicho na kazi, na moduli ya GPS ya NEO-6M iliyobaki kwenye mradi wa mtumbwi, yenye mguu wa PPS unaopiga mara moja kila sekunde. Mchana huu nimeshapanda juu ya paa. Antena nimeifunga kwa waya wa kuanikia nguo, inaona setilaiti nane, na mke wangu anauliza nguo zitaanikwa wapi.